Maana ya Pili Iliyoingia Bila Kibali

Nchi ninayoisimulia ina jina, ila jina hilo lilipelekwa kwenye kamati kufanyiwa marekebisho na bado halijarudi. Tuiite nchi tu. Ni nchi nzuri. Ina milima ya kutosha, ina ziwa ambalo serikali inajivunia kulikuta, na ina hospitali ya ghorofa mbili isiyo na ngazi.

Hospitali hiyo si ya kuicheka. Siku ya kukabidhi ramani, ukurasa wa ngazi ulichomoka ukabaki kwenye gari la Waziri wa Afya. Mkandarasi aliona kuna ukurasa haupo, mafundi wakaona, hata mlinzi wa kiwanja aliona. Lakini Waziri alikuwa ameshamaliza kueleza, wao walikuwa wameshasimama na kusema "Tumeelewa", na walikuwa wameshasaini. Basi ikajengwa kama ilivyoeleweka. Vitanda arobaini vilipandishwa kwa kamba kupitia madirishani, vikatandikwa mashuka meupe, na tangu siku hiyo hakuna mgonjwa hata mmoja aliyefariki katika wodi ya juu. Ripoti ya kila mwaka huitaja kuwa wodi salama kuliko zote nchini.

Mambo haya yanatokana na Sheria ya Uelewa, ambayo ni fupi na haina ubaya. Inasema kwamba mtu yeyote aliyeketi katika kikao cha umma, mkubwa akimaliza kusema, atasimama, atatamka "Tumeelewa", na atasaini Daftari la Uelewa. Anayeuliza swali atakuwa amemtuhumu msemaji kwamba hakueleweka, na adhabu yake ni miaka saba. Sheria ilipopitishwa wabunge waliulizwa kama kuna mwenye swali, na hapo hapo wakakumbushwa kwamba imeshaanza kutumika.

Mimi nilikuwa karani wa Daftari. Ilikuwa kazi inayomfaa mtu asiyependa kusema mbele za watu: nilikaa pembeni, nikafungua ukurasa, nikasogeza kalamu. Nilipoajiriwa tulikuwa kwenye juzuu la mia tatu na nne.

Katika serikali nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa akiuliza, naye ni Mama Sijaona, mpika chai wa Wizara ya Uelewa. Sheria inasema "aliyeketi", na Mama Sijaona kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuketi kwenye kikao. Alipita na birika lake kubwa la bati, kiti hadi kiti, akiuliza kila mmoja, "Vijiko vingapi?" Wakati mwingine aliongeza swali jingine hapo hapo, bila hata kubadilisha sauti. Siku moja alimuuliza Waziri wa Kilimo kama viatu vyake vipya vinambana. Waziri alimtazama muda mrefu, akavua viatu, akanywa vikombe vitatu. Baadaye nilisikia kwamba vilikuwa vikimbana tangu uchaguzi.

*

Sasa ikawa Mheshimiwa Rais amealikwa ng'ambo kwenye mkutano mkubwa, na huko akasema kwa Kiingereza. Hotuba ilikuwa ndefu, lakini katikati yake ilikuwamo sentensi moja iliyopigiwa makofi dakika nzima na nusu. Alisema anawapenda wananchi kuliko mke wake.

Nchini tulisikiliza redioni, tukiwa tumesimama. Watumishi elfu nne walisaini siku hiyo hiyo kwamba wameelewa, na mkono wangu ulivimba kwa kusogeza kalamu. Mama Adelina, mke wa Rais, naye alisikiliza akiwa Ikulu. Inasemekana alizima redio, akachukua mto wake, akaenda kukagua chumba cha wageni, ambacho hakikuwa na mgeni.

Rais aliporudi, Mama Adelina alimpokea uwanja wa ndege kwa shada la maua na tabasamu lililotoka vizuri magazetini. Sentensi ikabandikwa kila mahali kwa Kiingereza chake: kwenye geti la bunge, kwenye mifuko ya mkate, kwenye ukuta wa hospitali, chini kidogo ya wodi ya juu. Kisha Katibu Mkuu wa Wizara ya Uelewa, Bwana Matogolo, akatoa tangazo. Bwana Matogolo alikuwa mrefu na msafi, na alisema kila neno kana kwamba kuna mtu anakata utepe mahali fulani. Alitangaza kuwa kwa kuwa taifa zima limeelewa sentensi ya Mheshimiwa, imebaki hatua moja ndogo, nayo ni kujua inasema nini. Watumishi wote watajifunza Kiingereza kwa siku tisini. Mwisho kutakuwa na mtihani wa mdomo wenye swali moja: eleza sentensi. Atakayeshindwa atapoteza kazi.

Wakasimama, wakasema wameelewa.

*

Mwalimu aliyeletwa wizarani kwetu aliitwa Skolastika. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Asubuhi alifundisha darasa la saba katika shule iliyo nyuma ya soko, na mchana alitufundisha sisi, akibeba begi la madaftari ya watoto ambayo hakupata nafasi ya kuyasahihisha. Hakuwa mtumishi wa serikali kuu, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kumweleza Sheria ya Uelewa. Au labda tulifikiri ameshaielewa.

Alitufundisha vizuri. Kwa wiki tano tulikuwa watu wanaojifunza kitu, na baadhi yetu tulianza kukipenda. Wiki ya sita tukafika kwenye kulinganisha. Mwalimu akasema hapa Kiingereza kina mtego, lakini tusiogope, mtego huo huo tunao hata sisi nyumbani ila tumeuzoea. Akatafuta mfano wa karibu. Mama Sijaona alikuwa anapita na birika, na nyuma yake alifuata paka wa wizara, aliyeitwa Nyongeza kwa sababu watumishi walikuwa wamemsubiri miaka mingi.

Mwalimu akaandika ubaoni kwamba Mama Sijaona anampenda Nyongeza kuliko Katibu Mkuu.

Chini yake akachora picha mbili. Katika ya kwanza Mama Sijaona alikuwa na moyo mkubwa upande wa paka na mwingine mdogo kama dengu upande wa Bwana Matogolo. Katika ya pili Mama Sijaona na Bwana Matogolo walikuwa wote wawili wanamtazama paka, Mama akiwa na kipande cha samaki na Bwana Matogolo akiwa na ufagio. Darasa likacheka mpaka meza zikasogea. Hata Bwana Matogolo, aliyeketi mbele, alitabasamu kwa upande mmoja.

"Sasa kweli ni ipi?" mwalimu akauliza.

"Zote mbili," alisema Mama Sijaona, akimimina chai. "Ila huo moyo mdogo umeukuza."

Tulipotulia, mwalimu akaeleza kuwa ndiyo maana mtu mwangalifu huongeza maneno mawili matatu: kuliko anavyompenda Katibu, au kuliko Katibu anavyompenda. Asipoongeza, msikilizaji anaachwa njia panda. Akageuka ubaoni, akaandika kanuni ya kumalizia somo, na kwa kuwa alitupa mgongo hakuona nyuso zetu zikibadilika. Aliandika: "Ukikwama, muulize aliyesema."

Nadhani ndipo kila mtu alipoona mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni ile kanuni. La pili lilikuwa juu ya ubao, kwenye fremu ya dhahabu, mahali ambapo sentensi ya Mheshimiwa ilikuwa imetundikwa tangu mwanzo wa kozi. Tuliitazama, kisha tukazitazama zile picha mbili, kisha kila mtu akatazama kikombe chake. Kwa maana moja, Rais alimpenda mkewe kidogo kuliko alivyotupenda sisi. Kwa maana nyingine, Mama wa Taifa hakutupenda kama alivyotupenda Rais. Hakukuwa na ya tatu.

Bwana Matogolo akasimama. Alikuwa amepauka.

"Tumeelewa," akasema.

Tukasimama wote.

*

Mwalimu Skolastika alikamatwa kabla hajafuta chaki mikononi. Mashtaka yalikuwa mawili. Kwanza, kuingiza nchini maana ya pili bila kibali, wakati nchi imeidhinishiwa moja. Pili, kuwashauri watumishi wa umma wamuulize aliyesema. Kesi ingesikilizwa Ikulu, kwa kuwa sentensi ilikuwa mali ya Rais, na mshtakiwa angetakiwa kutamka mbele ya Rais na mkewe maana iliyo sahihi. Akitaja ya kwanza, ni miaka saba kwa kumdhalilisha Mama wa Taifa kama mke. Akitaja ya pili, ni miaka saba kwa kumdhalilisha kama raia. Akinyamaza, atahesabiwa amekusudia zote.

Wakati akisubiri alifungiwa kwenye stoo yetu ya vifaa, kati ya maboksi ya karatasi. Nje, serikali haikukaa bure. Iliundwa Tume ya Kuliko, yenye wajumbe kumi na mmoja na magari kumi na mawili. Profesa mmoja aliiambia Tume kwamba njia salama ni kutangaza kuwa sentensi haina maana yoyote. Tume ilivutiwa sana, mpaka mtu akakumbuka kwamba watu elfu nne wameshasaini kuielewa. Mjumbe mwingine alipendekeza upendo wa Rais upimwe mkoa kwa mkoa. Zikagawanywa fomu, na wananchi wa mikoa yote wakajibu kwamba wanapendwa sana, isipokuwa mkoa mmoja wa kaskazini ambao fomu zake zilirudi zikiwa zimefungiwa karanga.

Jioni ya kuamkia kesi nilitumwa stoo na Daftari, ili mwalimu asaini kwamba ameyaelewa mashtaka. Nilimkuta amekaa juu ya boksi anasahihisha madaftari ya darasa la saba kwa kalamu nyekundu. Mama Sijaona alikuwa amenitangulia na birika.

"Vijiko vingapi?" akamuuliza.

"Viwili."

"Unaogopa?"

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Sana, mama. Nikitoka nitakuwa na thelathini na tatu. Nikikaa kimya, arobaini. Hawa watoto watakuwa na watoto wao."

Nilisimama pale na Daftari langu kifuani. Nilikuwa nimefika na maneno ya kumfariji niliyoyapanga njiani, lakini yalikuwa ya kawaida mno, nikayaacha. Ilinipata fikra moja tu: siku zote hizo, katika maafisa wote waliopita mlango ule, hakuna aliyemuuliza kama anaogopa. Mama Sijaona alimmiminia kikombe cha pili, akaniangalia mimi, akaiangalia na kalamu yangu.

"Na wewe, mwanangu," akasema, "hilo daftari halikuchoshi?"

Nilimsogezea mwalimu ukurasa akasaini, nikatoka.

*

Asubuhi ukumbi wa Ikulu ulijaa mawaziri. Rais aliketi mbele upande mmoja, Mama Adelina upande wa pili, na katikati yao kuliwekwa jagi la maua kubwa kiasi kwamba ilibidi mmoja wao ainame kumwona mwenzake. Hakuna aliyeinama. Mwalimu Skolastika alisimamishwa chini yao, na begi la madaftari lilikuwa miguuni pake kwa sababu hakuna aliyejua liwekwe wapi.

Bwana Matogolo alisoma mashtaka kwa saa nzima. Alieleza hatari ya maana ya pili, kwamba ikiruhusiwa itafuata ya tatu, na hatimaye kila raia atakuwa na yake. Kisha akafunga jalada, akamgeukia mwalimu, akamwambia ataje.

Mwalimu akafungua mdomo. Saa ya ukutani ikagonga saa nne.

Katika nchi ile bunge linaweza kuvunjwa na uchaguzi unaweza kusogezwa, ila chai ya saa nne haiahirishwi. Mlango ukafunguliwa, na Mama Sijaona, aliyeazimwa na Ikulu kwa siku hiyo, akaingia na birika, na Nyongeza nyuma yake. Kwa itifaki huanzia kwa mkubwa. Akapita mbele ya mwalimu, akafika kwa Rais, akamimina.

"Mheshimiwa, vijiko vingapi?"

"Viwili, Mama Sijaona."

Akatia viwili, akakoroga, akamkabidhi kikombe. Halafu, kwa sauti ile ile:

"Na ile sentensi yako, baba, ulitaka kusema nini?"

Nimewahi kukaa kwenye vikao vilivyokuwa kimya, lakini vile vilikuwa na watu wanaopumua. Bwana Matogolo alifungua sheria, akalifikia neno "aliyeketi", akainama kuangalia miguu ya Mama Sijaona. Alikuwa amesimama sawasawa.

"Unaniuliza mimi?" Rais akasema.

"Nimuulize nani mwingine? Si wewe ndiye uliyesema?"

Rais akaweka kikombe chini taratibu. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

"Ulikuwa utani," akasema. "Nilitaka kusema kwamba mimi watu nawapenda, ila mke wangu hawapendi kama mimi. Si kwa ubaya. Hawa mawaziri wanakuja nyumbani kila saa ya kula, wanamaliza samaki, yeye anabakiziwa mchuzi. Nilifikiri wale wageni watacheka. Wakapiga makofi. Nikaona si vizuri kuwakatiza."

Mawaziri wakatazama dari. Jagi la maua likasogea. Mama Adelina alikuwa amelisukuma kwa mkono.

"Mimi nilisikia nyingine," akasema. "Nilisikia unawapenda hawa kuliko unavyonipenda mimi."

"Ndiyo maana ukahamia chumba cha wageni?"

"Miezi miwili, baba Edna. Hukuniuliza."

"Usiku niliorudi, uliposimama mlangoni na mto wako," Rais akasema, "nilisimama nikasema nimeelewa."

"Nilikusikia. Ndicho kilichoniuma zaidi."

Hapo hakuna aliyejua atazame wapi, maana yalikuwa mambo ya nyumbani kwa watu. Mama Adelina alipangusa jicho kwa kidole kimoja, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, tukaogopa analia. Alikuwa anacheka.

"Lakini ya samaki ni kweli," akasema, na akamgeukia Waziri wa Kilimo, ambaye aliirudisha miguu yake chini ya kiti.

*

Upande wa sheria ulimalizika haraka. Bwana Matogolo, ambaye hajawahi kukosa la kusema, aligundua kwamba maana ya pili ilitoka kinywani mwa Mheshimiwa mwenyewe, kwa hiyo haikuingizwa kutoka nje. Ni ya hapa hapa. Mtu hawezi kushtakiwa kwa kuingiza kitu kinachozalishwa Ikulu. Shtaka la pili alianza kulieleza, kisha akamwona Rais ananyoosha kikombe aongezewe, akaliacha.

"Mwacheni mwalimu akasahihishe madaftari," Rais akasema.

Mwalimu Skolastika aliinua begi lake. Aliondoka kwa mwendo wa kawaida mpaka mlangoni, na alipofika koridoni tulimsikia anakimbia.

Lakini serikali haipendi jambo zuri litokee bila kulipangia ofisi. Kabla vikombe havijaisha, Bwana Matogolo alitangaza kuanzishwa kwa Idara ya Maswali, na kwamba Mkurugenzi wake wa kwanza, kwa heshima na taadhima, ni Mama Sijaona. Wahudumu wawili wakaleta kiti. Kilikuwa kiti kizuri, chekundu, chenye mikono ya kuchonga, na wakakiweka kwenye mstari, kati ya Waziri wa Kilimo na Waziri wa Afya. Bwana Matogolo akamkaribisha kwa mkono aketi. Ukumbi ukapiga makofi.

Nami, kwa mazoea, nikafungua Daftari ukurasa mpya. Anayeketi husaini. Nilishika kalamu, na nikatamani kwa moyo wangu wote iwe haina wino.

Mama Sijaona alikiangalia kiti. Miaka ishirini na sita ya kusimama, magoti yake nayajua, yalikuwa yanamsumbua tangu masika. Akakigusa kitambaa cha kiti kwa kiganja, akaliona Daftari mapajani mwangu, akaniona na mimi.

"Kiti kizuri," akasema. "Asanteni sana."

Akaweka birika juu yake, akasimama pembeni, na kuutazama mstari mzima wa wakubwa.

"Nani bado hajapata?"

Nilifunga Daftari polepole ili lisitoe sauti. Kisha Waziri wa Afya akanyoosha mkono, si juu sana, usawa wa bega tu.

"Mimi bado, mama," akasema. "Halafu, samahani, kuna suala la ngazi."